Varanasi, mji ambako Wahindu hutamani kufia

Wengi wetu huku Walikale na Masisi tuliwaona askari wa India waliokuja na MONUSCO, na kati yao walikuwamo Wahindu. Waamini hutuuliza: watu wale huhiji wapi?

Mojawapo ya miji yao mitakatifu kabisa ni Varanasi, uitwao pia Kashi au Banaras, kaskazini mwa India, kando ya mto Ganges. Kwao ni mji wa mungu Shiva. Mahujaji hushuka ngazi za mawe alfajiri, wakaoga mtoni ili dhambi ziondolewe. Wengine huja kufa tu. Wanaamini kwamba afiaye Kashi hufunguliwa, asizaliwe tena na tena duniani, ndiyo moksha. Pale Manikarnika maiti huchomwa mchana na usiku, na majivu hutiwa mtoni.

Walio mbali hutafuta mto mwingine. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilimwagwa Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka ziwani.

Mafundisho hayo hatuyapokei. Yoane 4 yatosha kwetu. Lakini tusiwacheke. Mama mmoja mkimbizi alituuliza kama mume wake, aliyezikwa kando ya kambi karibu na Goma, mbali na makaburi ya baba zake, Mungu atamwona. Tukamsomea habari za yule mwanamke Msamaria kisimani. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tena: na kaburi, nani atalipalilia?