Kompyuta Isiyoamka

Fungueni madaftari, na asomaye upesi amsaidie mwenzake.

Katika mwaka 1996 watafiti wa Ifakara walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Habari hizo zilitiwa katika kompyuta. Siku hizi hata chama cha wakulima wa mpunga huweza kuweka daftari lake humo. Sasa umeme wakatika ghafula usiku wa masika, na asubuhi kompyuta ya chama haiamki. Kioo ni cheusi, chenye maneno machache meupe. Mtu asema, “Imekufa. Ifutwe, itiwe programu mpya.” Ngojeni kwanza! Mkiifuta mmepoteza daftari, nalo mara nyingi ni zima.

Yafaa mjue mashine hii ilivyofundishwa kuamka. Kompyuta ikizimwa, kumbukumbu yake ya kazi husahau yote. Zamani mtu ndiye aliyeifundisha upya. Altair 8800, iliyouzwa Marekani tangu 1975, ilikuwa na swichi usoni, na mwenyewe alizipandisha na kuzishusha moja moja ili kuipa amri za kwanza. Kazi ya kuchosha sana. Kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 ilikuja na amri hizo ndani ya kipande kisichosahau. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza: mashine hujikagua, kisha hutafuta diski.

Katika mfumo wa Linux, hatua ya pili mara nyingi ni programu ndogo iitwayo GRUB, iliyoanzwa mwaka 1995. Hiyo hukichukua kiini cha mfumo na kukitia katika kumbukumbu. Kiini chenyewe ni hatua ya tatu. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alikitoa watu wakisome na kukirekebisha. Kabla yake, mwaka 1983, Richard Stallman wa Marekani alikuwa ametangaza kazi ya GNU: programu huria, ambazo kila mtu ana ruhusa kuzisoma, kuzibadili na kumgawia jirani. Ruhusa ya namna hiyo ilitufaa hata sisi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, bila kungoja kampuni yo yote iamue kwamba lugha yetu ina faida.

Basi, kioo chasema nini? Kama hakuna taa wala sauti, tazameni umeme na waya. Kikisema diski ya kuwashia haikuonekana, hatua ya kwanza imekwama: labda flashi imesahauliwa ubavuni, au waya wa diski umelegea. Likisimama neno grub peke yake, hatua ya pili haikukiona kiini; fundi aweza kuitengeneza pasipo kugusa daftari lenu. Kiini kikianza, kisha kikalalamika juu ya diski, huenda umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kuandika.

Hapo ruhusa ile yatufaa tena. Linux nzima yaweza kuwekwa katika flashi, ikaamshwa kutoka humo bila kuandika cho chote juu ya diski. Nakilini daftari kwanza mahali pengine. Baadaye ndipo fundi aikague diski kwa programu iitwayo fsck. Lakini diski ikigonga kama kucha juu ya bati, zimeni mara moja, msijaribu tena. Huo ni ugonjwa wa chuma, nao wataka fundi wa diski.

Kazi ya juma hili: iwasheni kompyuta ya kituo chenu, mwandike maneno yanayopita kiooni kwa kadiri mwezavyo, herufi kwa herufi, hata msiyoyaelewa. Tutayasoma pamoja katika somo lijalo.