Katharine Hepburn, The African Queen na Historia ya Ziwa Tanganyika

1. Utangulizi

Wakazi wa Uvira, Baraka na Kalemie wanayo historia ya vita ambayo watu wengi wa nchi za nje wameijua kwa kupitia uso na sauti ya mwigizaji mmoja wa Marekani. Mwigizaji huyo ni Katharine Hepburn (1907-2003), na chombo kilichoibeba historia hiyo ni filamu The African Queen, iliyopigwa mwaka 1951 chini ya uongozi wa John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili: kwanza, jinsi Kongo na Uganda zilivyougeuza mkondo wa kazi ya Hepburn, pili, jinsi umaarufu wa filamu hiyo ulivyozifunika habari za watu wa ziwa lenyewe.

2. Kutoka jukwaani hadi kwenye sinema

Hepburn alizaliwa Hartford, katika jimbo la Connecticut, akahitimu chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928, na papo hapo akaingia katika tamthilia. Mwaka 1932 aling'ara Broadway katika The Warrior's Husband, na mwaka huohuo akaitwa Hollywood. Filamu yake Morning Glory ya mwaka 1933 ilimpatia tuzo ya kwanza ya Oscar. Hata hivyo, mwaka 1938 wenye majumba ya sinema walimtaja miongoni mwa waigizaji wanaowafukuza watazamaji.

Namna alivyojinasua yafaa kuzingatiwa. Alirudi jukwaani mwaka 1939 katika The Philadelphia Story, tamthilia ambayo Philip Barry aliiandika kwa ajili yake, akahakikisha kwamba haki za kuifanya filamu zimo mikononi mwake. Filamu hiyo ilipotoka mwaka 1940, alikuwa amekwisha rudi kileleni. Kwa hiyo jukwaa halikuwa kwake ngazi ya kupandia na kuachwa, bali ghala alimorudi kuchukua nguvu kila alipopungukiwa. Mwaka 1950, miezi michache tu kabla ya safari ya Afrika, alikuwa akicheza nafasi ya Rosalind katika As You Like It ya Shakespeare.

3. Ruiki na Butiaba, 1951

Sehemu ya kwanza ya filamu ilipigwa kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville, mji uitwao leo Ubundu, katika Kongo ya Wabeljiji. Kambi ilijengwa mahali paitwapo Biondo. Baadaye kikosi kilihamia Uganda, kikafanya kazi Butiaba kwenye Ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison. Maonyesho kadhaa ya majini yalikamilishwa katika studio za Uingereza.

Shida hazikukosekana. Siafu walivamia kambi. Boti ya filamu ilizama, ikabidi iopolewe. Wengi waliugua, na Hepburn aliyekunywa maji alipatwa na ugonjwa wa kuhara, ilhali Huston na Humphrey Bogart, walioshikilia wiski, walisalimika. Mambo haya aliyasimulia mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 1987.

Kwa upande wa sanaa, Rose Sayer, mmisionari aliyefiwa na kaka yake, alikuwa mhusika mpya kwa Hepburn. Mwanzoni alimcheza kwa uso mkavu mno. Huston akamshauri amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, alivyokuwa akitabasamu alipowatembelea askari majeruhi hospitalini. Ushauri huo mfupi ulimjenga mhusika mzima. Tena, filamu hii kwa sehemu kubwa ni watu wawili ndani ya boti moja, yaani jukwaa dogo linaloelea. Aliyezoea kuibeba tamthilia kwa sauti na mwendo alikuwa na faida hapo. Bogart alipata Oscar, Hepburn akapendekezwa tu. Lakini tangu hapo akiwa na umri wa miaka arobaini na zaidi alifunguliwa nafasi za wanawake wa makamo, kama zile za Summertime (1955) na The Rainmaker (1956). Oscar nyingine tatu zilimjia kwa filamu za 1967, 1968 na 1981, nazo tamthilia hakuziacha.

4. Ziwa la hadithi na ziwa la historia

Katika riwaya ya Forester ziwa lina jina la kubuni, lakini matukio yaliyomchochea mwandishi yanafahamika. Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika tangu Agosti 1914. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa jasho la vibarua Waafrika, hadi karibu na Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani; tarehe 9 Februari 1916 meli Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, haikuzamishwa na adui kama filamu inavyodokeza: Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Kamera haikufika ziwani hapa. Hata hivyo maji ya Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga, huingia Lualaba, na hupita Ubundu. Kwa hiyo filamu ilianzia chini ya mkondo wa ziwa lilelile. Aidha, Ubundu na Uvira ni miji ya wasemaji wa Kiswahili. Lakini katika filamu wenyeji ni umati wa kanisani na wa kijiji kinachochomwa moto. Hakuna mmoja wao anayebeba kisa.

Mwaka 1997, Liemba iliwarudisha wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira, kwa safari 22 katika muda wa miezi mitano. Kwa watu wa Uvira, hiyo ndiyo meli iliyowarudisha jamaa zao nyumbani, wala si adui wa kulipuliwa mwishoni mwa filamu.

5. Hitimisho

Hepburn hapaswi kulaumiwa kwa kazi aliyoifanya vizuri. Lililopungua ni upande wa pili wa masimulizi. Mtoto wa miaka kumi aliyeiona kambi ya Biondo mwaka 1951 sasa amepita miaka themanini, na abiria wa Liemba wa mwaka 1997 wangali hai kwa maelfu. Habari zao, zikikusanywa kwa Kiswahili chao wenyewe, zingekuwa hazina kwa wanafunzi wa fasihi simulizi na historia, na msingi wa tamthilia ambayo ziwa lingeizungumza kwa lugha yake. Kazi hiyo haingoji kamera kutoka ng'ambo. Inangoja kalamu, kinasa sauti na haraka.