Daftari la Saa za Kazi

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho la mtu ni mali.

Mwaka 1919, huko Barcelona, kampuni ya umeme iliyojulikana kwa jina la La Canadiense iliwafukuza makarani 8. Wenzao wakagoma siku 44, na taa za mji zikazimika. Tarehe 3 Aprili serikali ya Hispania ikatoa amri kwamba kazi ya siku isizidi saa 8.

Ushindi ule ulikuwa mkubwa. Lakini saa isiyoandikwa haina shahidi. Mwezi wa Machi 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mwajiri halazimiki kuandika saa zote za kila siku, ila zile za ziada tu. Je, mtu atazithibitishaje za ziada ikiwa za kawaida hazikuandikwa?

Swali hilo lilijibiwa na sheria ya mwaka 2019: kila siku iandikwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na kumbukumbu hizo zihifadhiwe miaka 4. Basi, ilipita karne nzima baina ya kuipata haki na kuipatia shahidi wake.