Usukani

Usukani ni neno la baharini kwanza, la barabarani baadaye. Asili yake ni Kiarabu, sukkan: ubao wa tezini unaokipa chombo mwelekeo, na kwa mabaharia wa majahazi ya Unguja maana hiyo ingali hai. Mpini wake huitwa kana. Kana ikisukumwa kushoto, omo huelekea kulia, jambo linalomtatiza kila anayeanza.

Magari yalipofika, gurudumu la dereva likarithi jina. Leo neno limeingia hata katika michezo ya kompyuta kama Assetto Corsa (2014), ambamo mchezaji hujifunza kuserereka, yaani kuipitisha gari konani kimshazari, mtindo uliokuzwa Japani. Breki ya mkono huvutwa ghafla, matairi ya nyuma yakaachia lami, mkia ukafyatuka nje. Hapo usukani hukatwa kinyume cha kona, upande ule ule unakoelekea mkia, huku mafuta yakikanyagwa kwa kipimo. Dereva akichelewa kuurudisha, gari hujizungusha. Wapo wanaosema “kuteleza”, lakini hilo halitoshi: kuteleza humpata mtu bila kutaka.