Zidaka za Lamu

Ukipita vichochoro vya Mkomani, Lamu, shingo itakuuma kwa kuangalia juu. Nyumba nyingi za mawe hapa ni za karne ya 18. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari inashikiliwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Mimi napenda zidaka zaidi, vile vishubaka vya chokaa vilivyojipanga ukutani.

Lakini pesa zilitoka wapi? Nyingi zilitoka mashamba ya bara, yaliyolimwa na watumwa. UNESCO iliutambua mji huu mwaka 2001. Sawa, piga picha. Ila ukisifia zidaka, wataje pia waliozilipia kwa jembe.