Kona ya Maji

"Fundi, nimefukiza udi siku tatu, bafu bado lanuka." Mama mmoja wa Tanga alinipokea kwa maneno hayo mlangoni. Lilikuwa bafu la wageni. Tangu mwanawe arejee Muscat, miezi miwili ilikuwa imepita bila mtu kuoga humo.

Nililowesha tambara, nikaliziba tundu la beseni, nikangoja. Harufu palepale. Nikaliziba tundu la sakafuni, ikakata. Nilipong'oa kichujio na kumulika tochi, niliona kona ya bomba imekauka kau, buibui ametanda utando ndani yake.

"Mama, niletee ndoo ya maji."

Kona ile, ambayo sisi mafundi huiita trapu, ina historia ninayopenda kuwasimulia vijana wanaojifunza kazi kwangu. Mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengeneza saa kutoka Uskoti, alipata hataza ya choo cha maji chenye bomba lililopindwa kama herufi S. Kila kilichomwagwa kilipita, lakini maji kidogo yalibaki kwenye kipindo, yakaifungia njia hewa chafu isipande. Hakuna kitasa wala chuma kinachozuia pale. Ni maji tu yaliyotulia.

Ila kuilinda nyumba si kuulinda mji. Vyoo vya London viliongezeka, uchafu ukaishia mto Thames. Kiangazi cha mwaka 1858 mto ulinuka hata mapazia ya Bunge yakaloweshwa dawa ya chokaa na klorini. Wabunge waliokuwa wakivutana kwa miaka juu ya gharama walipitisha sheria upesi, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi.

Wakati huo wengi waliamini kwamba harufu yenyewe ndiyo iletayo kipindupindu. Daktari John Snow alikuwa ameshaonyesha mwaka 1854, kwa pampu ya mtaa wa Broad Street huko Soho, kwamba ugonjwa umo katika maji ya kunywa. Walioogopa harufu walikosea sababu, lakini mifereji waliyoijenga iliokoa watu, kwa kuwa iliondoa kinyesi kwenye maji yao.

Kisha mafundi wa karne ile ya 19 wakagundua kasoro nyingine. Choo kikimwagwa kwa nguvu, maji yanayoteremka hunyonya yale ya kwenye kona ya jirani. Ukisikia beseni linagugumia mtu anapomwaga maji chooni, ujue kona inanyonywa. Dawa yake ni bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Nimeingia nyumba mpya, vigae vinang'aa, bomba hilo halipo. Mwenye nyumba ananunua manukato kila mwezi.

Asiyejali kona kavu na aikumbuke Hong Kong. Mwaka 2003, katika maghorofa ya Amoy Gardens, zaidi ya watu 300 waliambukizwa ugonjwa wa SARS na 42 wakafariki. Wachunguzi walizikuta trapu za sakafuni zimekauka. Feni za bafuni zilikuwa zikivuta hewa ya mabomba kuiingiza ndani. Matundu yale hayakuwa tofauti na lile nililolimulika Tanga.

Ndiyo maana nawasihi wateja wangu wasiifunike harufu kwa udi kabla hawajajua inatokea wapi. Harufu inasema kuna mlango umeachwa wazi.

Kwa yule mama nilimimina maji hadi kona ikajaa, nikaongeza kijiko cha mafuta ya kupikia yaelee juu, maji yasikauke haraka. Nikamwomba aongeze maji kila wiki.

Mwezi uliofuata aliniita kubadilisha koki ya jikoni. Nilipopita mbele ya bafu la wageni, nilikuta kopo mlangoni, limejaa maji. Siku ile ilikuwa Ijumaa.

"Mwanangu," akaniambia, "nikitoka kuswali, nalimimina."