Aniceti Kitereza, mume wa Anna Katura

Mwamanyili ni kata ya wilaya ya Busega, na Busega ndiyo wilaya pekee ya mkoa wa Simiyu inayogusa Ziwa Victoria. Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, upande wa magharibi, kipo kisiwa cha Ukerewe, alikoishi na kufariki mwandishi Aniceti Kitereza. Wanaomkumbuka mzee huyu humkumbuka kwa masikitiko: alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla ya kuishika mkononi. Kisa hicho ni cha kweli na kinauma, lakini kimefunika jambo lenye uzito zaidi. Maisha yake na kitabu chake, vikisomwa pamoja, vinabomoa dhana iliyozoeleka kwamba mapenzi ya mume na mke, yale ya wawili kung'ang'aniana hata mtoto akikosekana, yaliletwa Kanda ya Ziwa na wamisionari, na kwamba kabla yao kulikuwa na ng'ombe, shamba na idadi ya watoto tu.

Kwa watu wa kusini mwa ghuba Kitereza si mgeni. Alizaliwa Usukumani mwaka 1896, wazazi wake wakiwa wamekimbia ugomvi wa kiutawala huko Ukerewe. Baba yake alikuwa wa ukoo wa watawala, na ukoo wa namna hiyo nyakati zile ulikuwa hatari kama ulivyokuwa heshima. Akiwa bado mdogo alirudishwa kisiwani. Mwaka 1905 aliingia shule ya misheni Kagunguli, na mwaka 1909 akavuka ziwa kwenda seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akakaa huko miaka 10 akisoma Kilatini, Kijerumani na falsafa. Alimkuta Mjerumani akitawala na akatoka Mwingereza ameshika nchi. Kijana aliyekuwa akiandaliwa upadri akaacha njia hiyo na mwaka 1919 akamwoa Anna Katura. Alifanya kazi kwa mfanyabiashara wa Kiitaliano mpaka Vita Kuu ya Pili ilipoivuruga biashara, kisha akarudi kwenye kazi za misheni, za kutafsiri na kuandika. Uhamishoni, seminarini, dukani, mezani pa kalamu, tawala za kigeni mbili na baadaye uhuru: ni maisha marefu yenye misukosuko ya kutosha. Hata hivyo jaribu lake kubwa lilimpata nyumbani. Watoto waliozaliwa kwa Anna walikufa, hakubaki hata mmoja. Kwa mwanamume wa kizazi chake jibu lilijulikana na lilikuwa jepesi, nalo ni mke wa pili. Kitereza hakulifuata, alibaki na Anna.

Hapa msomaji makini ataweka pingamizi, na lina nguvu. Huyu alikuwa Mkatoliki aliyelelewa na mapadri, atasema. Kubaki na mke mmoja ilikuwa amri ya dini yake, kwa hiyo ushahidi wake unathibitisha kwamba mapenzi hayo yalikuja na misheni. Busega yenyewe ina historia hiyo. Nassa ilipata kituo cha wamisionari wa Kianglikana mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission, na mahubiri ya mke mmoja yamesikika huko tangu babu zetu. Lakini amri inaeleza kwa nini mtu hakuoa mke wa pili. Haielezi kwa nini akae miaka akiandika kitabu kikubwa kuhusu mume asiyetaka kumwacha mkewe. Wabatizwa wengi wa ziwani waliongeza wake, wakanyimwa sakramenti, na maisha yakaendelea. Amri peke yake haikuwatosha wao, na sioni kwa nini tudhani ndiyo iliyomtosha Kitereza.

Tukifungua kitabu chenyewe, hoja inapata uti wa mgongo. Wahusika wake wakuu, Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, wanaishi Ukerewe ya kabla ya wazungu. Humo hamna padri wala kanisa. Mna mizimu, waganga, kilimo, uvuvi, ulevi na umbea wa majirani. Ndugu wa mume wanamsumbua Bugonoka kwa kutozaa na kumtaka Myombekere aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka, kwa hasira, wanamchukua binti yao. Myombekere anabaki na nyumba tupu, na badala ya kutafuta mke mwingine anakwenda ukweni kuomba. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anahangaika kuipata, anailipa, anarudi na mkewe. Hapo ndipo penye ushahidi ninaoutegemea. Tuseme Kitereza aliibuni safari ya Myombekere. Hangeweza kuibuni faini, kwa sababu wazee wa Ukerewe waliokuwa hai mwaka 1945 wangemcheka. Na mila isingekuwa na utaratibu wa mume kumgomboa mke tasa kwa wakwe kama hakuna mwanamume aliyewahi kumtaka arudi. Taratibu hazitungwi kwa ajili ya watu wasiokuwepo.

Kwa nini basi dhana ile ya ng'ombe na idadi ya watoto ikashamiri? Nadhani ni kwa sababu ya aina ya maandishi tuliyorithi. Kwa upande wa Usukuma, kitabu kinachorejewa sana kuhusu ndoa za zamani ni kile cha Hans Cory, mtafiti wa serikali ya kikoloni, juu ya sheria na desturi za Wasukuma, kilichotoka mwaka 1953. Ni kazi ya thamani, lakini iliandikwa kwa haja ya mahakama, na mahakamani huletwa ndoa zilizovunjika. Mle unakuta mahari inadaiwa, ng'ombe wanarudishwa, watoto wanagombewa. Kuijua ndoa ya Kisukuma kwa kitabu hicho peke yake ni kuijua afya ya kijiji kwa daftari la wagonjwa. Mume na mke wa Mwamanyili walioishi kwa kupendana hawakuwa na kesi, kwa hiyo hawakuandikwa. Kitereza aliwaandika wenzao wa ng'ambo. Kikerewe na Kisukuma ni lugha mbalimbali, na kisiwa kina desturi zake, kwa hiyo siwezi kuibeba Ukerewe nzima na kuitua Busega. Ila watu wa pande hizi mbili wamehama, wameoana na kufanya biashara kupitia ghuba hiyo kwa muda mrefu, na Kitereza mwenyewe ni mfano wa hilo.

Pingamizi moja nalikubali. Riwaya inawapa Myombekere na Bugonoka watoto, Ntulanalwo na Bulihwali, baada ya tiba ya mganga. Mwandishi amewapa wahusika wake alichonyimwa yeye, na hapo historia inageuka kuwa ombi. Mwanamke tasa wa kweli, asiyepata mganga wala muujiza, hakukingwa na mapenzi ya mumewe dhidi ya masimango ya mawifi. Kitabu kingekuwa kikali zaidi kama Bugonoka angezeeka bila mtoto, mumewe akiwa bado kando yake. Anna Katura aliishi hivyo, na kisa chake hakikuandikwa.

Kitabu kimeshatafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2002 ilifanywa na Gabriel Ruhumbika, mwandishi mzaliwa wa kisiwa hichohicho. Mjerumani anaweza kukisoma kwa lugha yake. Walimu wa Kiswahili wa Busega na halmashauri yao wana sababu ya kukitafutia nafasi katika maktaba za shule zao, maana mtunzi wake alizaliwa upande wao wa ghuba.